Dumu la methanol nililompelekea mjomba Maneromango

Wakuu, heshima mbele. Mliokuja kutafuta chai, yaani stori ya kutunga, uzi huu hauna. Natamani ungekuwa nayo.

Nakaa Sofu, Kibaha, ila kibarua kiko kusini kwenye visima vya gesi. Gesi ikitoka chini ina majimaji. Presha ikishuka ghafla inapoa, yale majimaji yanashikana na gesi na kuwa kitu kama barafu, wenyewe tunakiita hydrate. Bomba linaziba, kazi inasimama.

Dawa tuliyozoea ni methanol. Inapigwa bombani kidogo kidogo, hakuna kuganda. Haina rangi, inanuka kama spiriti, na ni sumu hasa.

Sasa ilikuwa inakuja kwenye madumu ya bluu, magumu, mfuniko wa kubana. Yakiisha yanatakiwa kutobolewa na kutupwa. Sisi tulikuwa tunabeba. Ukienda likizo bila dumu, nyumbani wanakushangaa.

Injinia wetu, dada mmoja mpole, akaleta kemikali nyingine. Inazuia kuganda vilevile, inatumika kidogo, na sumu yake ni ndogo sana. Ila inakuja kwenye tanki kubwa linalorudishwa kwa muuzaji.

Kikaoni nikasimama kumpinga: ya zamani haijatuangusha. Wenzangu wakapiga makofi. Kusema kweli tulikuwa tunatetea madumu. Majaribio yakaahirishwa.

Likizo iliyofuata nikampelekea dumu mjomba, Maneromango. Huyu ndiye aliyenilea. Chini ilibaki kama glasi moja. Nikamwambia alisuuze kwanza, basi. Neno sumu sikulitaja, niliona aibu kumpa mtu zawadi huku namtisha.

Mjomba ni mtu wa tembo la mnazi. Alinusa, akaona ni spiriti, akamiminia tembo humo humo ili likolee, akanywa.

Kesho yake asubuhi akawa anaona ukungu mweupe tu. Tukamleta hospitali Kibaha.

Daktari akauliza, "Mzee amekunywa nini?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikafikiria kazi, maana ukikamatwa umetoa dumu saiti, unafukuzwa. Nikajibu, "Tembo tu, dokta."

Jioni hali ilipozidi ndipo nikamfuata daktari nikasema yote. Walipambana, uhai ukabaki. Macho hayakurudi. Daktari aliniambia kwa upole kwamba wangejua mapema pengine wangeyaokoa. Bora angenitukana.

Saiti sasa wanatumia ile kemikali ya yule dada. Mabomba hayagandi. Namwonea aibu mpaka leo.

Funzo langu: chombo cha sumu usikipeleke nyumbani, hata kiwe kizuri vipi. Na ukiletewa njia salama ukaikataa, jiulize unatetea nini hasa.

Nikienda Maneromango namwamkia, "Shikamoo mjomba." Ananishika mkono, "Marahaba mwanangu." Kisha anawaambia wageni, "Huyu ndiye aliyeniokoa. Angenyamaza, ningekuwa nimeshazikwa."

Hajui kwamba asubuhi nilinyamaza.

Wakuu, mngekuwa mimi mngemwambia? Nipeni maoni, hata ya kunisema nayapokea.