Siku Kaa Walipopita Kanisani

Namshukuru Mungu aliyetenga maji na nchi kavu, akanipa afya ya kuyatumikia maji hayo mpaka nywele zikawa nyeupe. Yeye asifiwe kwanza, ndipo niseme yangu.

Siku yangu ya kwanza kazini, milimani Meru, Afisa wa Maji alinipeleka mtoni, akaniangalia miguu.

"Vua viatu, kijana. Mtu husalimiwa kwa mkono mtupu, na mto kwa mguu mtupu."

Alinionyesha kipimo cha mto, ubao wenye alama unaosimama majini kuonyesha kina. Halafu akainua jiwe. Chini yake walikuwa kaa wadogo wa kahawia.

"Hawa ni wafanyakazi wenzako. Hawaombi likizo. Ukiona wameondoka, usihangaike na ubao."

Nilicheka. Baadaye nilihamishiwa Siakago, kwenye mabomba. Msimamizi wa huko alinifundisha fimbo ya kusikilizia, chuma unachochomeka ardhini na kuweka sikio juu yake ili ujue bomba linavujia wapi. Mwishowe nikapelekwa Kanja kutunza chemchemi.

Chemchemi ile ilikuwa juu ya boma la Mzee Njeru, katika shamba lake. Alikuwa amekata miti ya asili iliyoizunguka, akapanda mikaratusi ya kuuza nguzo. Mkaratusi hunywa maji mengi, na mvua nayo ilikuwa imeacha kufuata majira yake. Kina mama wa bondeni walilalamika kwamba mitungi inachelewa kujaa na nduma zao za kando ya maji zinanyauka.

"Mvua si yangu," Njeru aliwajibu. "Muulizeni mwenyewe."

Jumapili moja ya kiangazi, mchungaji akihubiri, kaa wa chemchemi ile waliingia kanisani. Walipita kati ya mabenchi, miguu yao ikikwaruza sakafu, wakatokea mlango wa nyuma. Hakuna mtoto aliyelia. Mchungaji alishusha Biblia, akangoja mpaka wa mwisho akapita.

Baada ya ibada tulipanda kwenye chemchemi, Njeru akiwa nasi. Maji yalikuwepo, safi, lakini hayakutikisika. Hapakuwa na chura wala mdudu. Nilichomeka fimbo, nikasikia maji chini kabisa, kama watu wanaozungumza huku wakienda zao. Nikampisha Njeru. Aliweka sikio kwa muda mrefu.

"Yanaenda wapi?"

"Sijui, mzee."

Haukupita muda mrefu, chemchemi ikakauka. Njeru alikata mikaratusi yote bila kuambiwa, lakini maji hayakurudi. Misimu ikapita, kina mama wakifuata maji mto wa mbali.

Kisha asubuhi moja mkewe, Mama Wanja, alikuta majivu yamelowa. Maji yalikuwa yakichipuka katikati ya mafiga yake, baridi, na kaa mmoja ametulia juu ya jiwe.

Njeru alileta saruji. "Nayaziba. Nani anaishi na mto jikoni?"

Kwetu mafiga ni ya mke. Mume anaweza kuuza ng'ombe, lakini hayasogezi mafiga. Kina mama wa bondeni walisimama uani na mitungi bila kuingia, maana ni vigumu kumwomba mwenzako avunje jiko lake.

Mama Wanja aliniangalia. "Fundi, yakizibwa yatatokea kwingine?"

"Pengine. Pengine yatapotea kabisa, mama."

Aliinama, akabeba figa la kwanza mpaka mlangoni, akageuka.

"Baba Wanja, hiyo saruji utaijengea birika la kukingia maji. Na leo utakula viazi baridi."

"Hata chumvi hakuna?"

"Chumvi iko. Moto ndio hakuna."

Kina mama wakacheka, wakaingia kumsaidia kubeba mengine.

Sasa nimestaafu. Ukuta wa jiko lile ulibomolewa upande mmoja, na watu huteka maji chini ya paa lenye masizi. Wakiingia hushusha sauti, hata watoto. Mimi pia. Nimesoma vipimo maisha yangu yote, lakini sijui kwa nini maji yalitafuta mahali pa moto. Mungu anajua, na sina haraka ya kumuuliza.

Wewe unayesoma, Bwana akuwekee maji karibu na mlango wako. Na siku yatakapoingia ndani, akupe moyo wa kuyapisha.