Gogo Niliyemcheka

Wenzangu tuliokulia huku ugenini, Granville, kwenye zile ghorofa za matofali mekundu karibu na reli, Jumamosi zetu mnazikumbuka. Tukining'inia kwenye mwamvuli wa kuanikia nguo unaozunguka, mpaka mzazi mmoja atufokee dirishani. Juu kwa Wakongo kunanukia sombe, kisamvu chao, kwetu pilau, na chini kabisa yalichemka mafuta ya bibi mmoja Mzulu kutoka Durban. Alikaanga magwinya, ndugu wa maandazi yetu ila hayana iliki, na kila mtoto aliyepita mlangoni kwake alipewa moja.

Mjukuu wake, Thandi, alikuwa na miaka tisa kama mimi. Akimwita bibi yake, jengo zima linasikia: "Gogo!" Mimi na kaka yangu Beni mbavu hatuna. Kwetu Morogoro gogo ni la kupasuliwa kuni, sasa huyu anamwita nani?

Siku moja yule bibi alikuwa amefumba macho kitini uani. Nikamweleza Thandi, kwa Kiingereza na kwa sauti, kwamba kwa lugha yetu bibi yake ni kipande cha mti, na kweli analala kama gogo. Kumbe hakuwa amelala. Aliinuka, akakunja kiti chake, akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata Beni, aliyecheka kuliko mimi, alipata gwinya lake. Mimi nilifungiwa mlango.

Nilirudi nyumbani nikilia, nikasimulia yote. Mama alikuwa anavaa sare yake ya kwenda kuhudumia wazee, wala hakunibembeleza. "Bibi yako wa Morogoro umemwacha mbali, wa hapa umemtukana. Mimi sikuombei msamaha. Mdomo uliosema ndio utakaokwenda kusema tena."

Iliniuma, kwa sababu bibi wa Morogoro alibaki kuwa sauti tu, ya dakika chache, kwenye kadi za simu za kukwangua. Nikaapa lile neno nitaliweza. Thandi, ambaye alinisamehe upesi, akanifundisha: Gogo si bibi yako peke yake, ni kila mama wa umri ule, awe dukani, awe stesheni. Jina lake hulitaji. Akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili. Kumbe ni adabu ile ile ya shikamoo, nami shikamoo nilikuwa nayo tangu Morogoro.

Shida ilikuwa kicheko. Wiki nzima nililirudia njiani kwenda shule, kutoka getini mpaka kwenye taa za barabarani, gogo, gogo, gogo, nikicheka naanza upya. Ijumaa nikafika kwenye taa sijacheka. Jumamosi nikagonga.

Alifungua, akasimama tu ananitazama. "Gogo," nikasema, "naomba unisamehe."

Akaufungua mlango wote. Kisha akasema, "Yebo, mzukulu wami."

Hakuna aliyenitafsiria. Mzukulu, mjukuu. Tangu tuondoke Morogoro hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo ana kwa ana, na nililia palepale mlangoni.

Siku hizi watoto wetu neno lolote wanaliuliza simu, na simu inawajibu kabla hawajamaliza kuandika. Maana wanaijua, ila wazee wanawaita kwa majina kama wanafunzi wenzao. Sisi neno moja lilitugharimu wiki na machozi. Nazitamani siku zile, sifichi.

Mwezi huu kahamia jirani yetu mpya, mama mtu mzima kutoka Bukavu, anaishi peke yake. Nilimwambia binti yangu twende tukamwamkie, amwite bibi.

"But Mama, she's not my bibi."

"Bado," nikamwambia. "Vaa viatu."