Mtu Mmoja, Neno Moja

Guyo Dadacha alikuwa dresa, mfunga vidonda, wa zahanati yetu ya Garsen, miaka ile ya hamsini, nami nikifagia pale pale. Mtu mwema, lakini kichwa kigumu, jamani! Ukishindana naye utachoka wewe.

Daktari wa wilaya alikuwa akikusanya picha za wagonjwa wa ngozi wa vijiji vyote vya mto wetu. Picha hazikuwa na rangi, basi kila moja ilitaka neno la kueleza ngozi ya mgonjwa, liwe lile lile kutoka Madogo hadi Ozi. Kazi ya kuchagua akaachiwa Guyo. Akachagua matatu: mweusi, maji ya kunde, mweupe. Mtu mmoja, neno moja.

"Kwenu Waorma, wafugaji, ng'ombe ana majina mangapi ya rangi?" nikamchokoza.

"Mtu si ng'ombe, Bi Mwanaarusi." Aliudhika kweli.

Kisha akaletwa dada yake, Darmi, mchumba wa watu, ana baka mkononi lililofifia kidogo tu. Mama yao, Sadia, alikuwa amempaka samli mwili mzima, maana binti yake hatoki mbele za watu mkavu. Picha ikatoka inameta, baka halionekani. Mimi nilishuku ukoma, na dawa yake haikutolewa mpaka daktari aamue, naye aliamua kwa picha na neno lililoandikwa chini yake.

"Andika mawili," nikamwambia. "Mweusi, na baka maji ya kunde."

"Sheria nimeiweka mimi. Nikiivunja kwa ajili ya dada yangu, kesho nani ataifuata? Na hiyo ni choa tu, si ukoma."

Mama Sadia akalia. "Ndama wangu mwenye baka ana jina lake. Binti yangu umemnyima jina?"

Guyo akaandika mweusi. Jibu likarudi: ngozi nzima, dawa hapana. Nilimchukia Guyo siku ile, sifichi.

Mvua zilipokwisha nilikwenda kwao kusaidia mapishi ya harusi. Nikasikia harufu ya nyama kuungua, na chunguni hamna nyama. Mkono wa Darmi, ule wenye baka, ulikuwa umelalia figa la moto, naye anacheka na wenzake. Nikapiga ukelele, nikamvuta.

Guyo akaja mbio. Akamgeuza Darmi uso pembeni asione, akaushika mkono, akabonyeza kidole kimoja kimoja hadi cha mwisho, machozi yanamtoka.

"Haya, kaka," akasema Darmi, "bonyeza basi."