Mkono Chini ya Mzani

"Mama, toa mkono," nesi kijana aliniambia wiki iliyopita, pale zahanati ya Ziwani. Nikashtuka. Mwanangu alikuwa amelala juu ya mzani wa umeme, na kiganja changu kilikuwa chini ya makalio yake, kinamnyanyua. Naapa sikujua kimefikaje huko. Nilicheka mpaka nesi akaniona sina akili, maana maneno hayohayo nilishaambiwa nikiwa na miaka tisa, hatua chache tu kutoka hapo.

Enzi zile, ndugu yangu, kliniki ilikuwa siku moja kwa mwezi. Mzani ulining'inizwa kwenye tawi la mkorosho, na kila mtoto alikuja na kikaptura chake cha kupimia, kilichoshonwa kwa kipande cha khanga. Pale palinuka mabibo yaliyoiva na mikojo. Mama akiwa shambani anaokota korosho, mimi na bibi ndio tuliompeleka mdogo wangu. Alikuwa na miezi kumi, mapaja yana mikunjo mitatu mitatu, na bibi hakutaka binadamu yeyote aijue. Mtu akisema mtoto kanenepa, bibi alijibu upesi, "Maji tu hayo."

Adui yake alikuwa nesi wetu, Mkristo wa kutoka bara, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya Ruvuma. Akipima anatangaza, kilo tisa, kilo kumi, foleni nzima inasikia, wala hasemi Mashallah. Kwa bibi, hiyo ilikuwa sawa na kumgawa mtoto kwa kila mwenye kijicho. Basi akamvisha mdogo wangu shati langu la zamani, likamfunika mpaka miguuni, na mimi akanipa kazi: nisimame nyuma ya mzani, mkono chini ya kikaptura, nibebe kidogo. Nilikuwa hodari. Mwezi wa kwanza nilibeba kilo moja. Mwezi wa tatu nikapitiliza, mshale ukasoma saba, na mstari kwenye kadi ukatoka kijani, ukapita kijivu, ukagusa nyekundu.

"Kesho huyu anakwenda hospitali ya mkoa," nesi akasema. "Na mama yake aje aniambie anamlisha nini."

Hapo nikaanza kulia. Mama alimnyonyesha yule mtoto mpaka mwenyewe akakonda, na sasa kijiji kizima kingesema anamnyima mwanawe chakula, kwa sababu ya mkono wangu.

Nesi akanitazama, akamtazama mtoto, akafunua shati. Hesabu zikamgomea. "Mrudishe kwenye mzani. Na wewe, toa mkono." Nikamwangalia bibi. Bibi alikuwa anaangalia kuku. Nikatoa. Mshale ukaruka hadi kumi na nusu, tawi likalia, kina mama wakaangua kicheko, na mmoja akasema huyo si mtoto, ni gunia la mihogo.

Bibi hakucheka. "Unatangaza kilo za watoto wa watu, Mashallah hata moja huna," alimwambia nesi. "Mie nilikuwa na mnono kama huyu. Walimsifia Ijumaa, Jumatatu nikamzika." Sikuwahi kuisikia habari hiyo, na nadhani hata mama hakuijua.

Nesi angeweza kumweleza mambo ya malaria, kwamba si kijicho kinachoua watoto. Maelezo hayakuwahi kumpungukia. Badala yake alishika kalamu, akasahihisha kadi. "Kilo kumi na nusu," akasema, taratibu kuliko kawaida yake. "Mashallah." Tangu siku hiyo mpaka anastaafu hakuacha kulisema neno hilo. Alimsemea kila mtoto, hata wale vimbaombao, na siku moja nilimsikia akimsemea jogoo wa jirani.

Bibi hayupo tena, nesi alirudi kwao, mkorosho umekatwa, na mdogo wangu anabeba magunia bandarini, mapaja yaleyale. Wiki iliyopita nilipotoa mkono, namba ilitulia kwenye tisa na nusu, nesi kijana akaiandika kimya kimya, akaita mwingine. Nikabaki nimesimama, nasubiri. Nilipoona hakuna wa kulisema lile neno, nikalisema mwenyewe, foleni nzima ikageuka.