Mguu wa Edna

Tekla wa Michenga ni mke wa kaka yangu. Kwa kupanda mpunga hakuna wa kumshinda bonde hili, na anayebisha aje kwangu. Ila tangu mwaka tisini na sita, binti yake Edna akijikuna tu mguu, Tekla huacha kula.

Edna alizaa watatu mfululizo, akataka kupumzika. Akaenda na mama yake kliniki mjini Ifakara kuchukua vidonge vya majira. Nesi akauliza, “Shikamoo mama. Kwenu kuna ugonjwa wa damu kuganda?”

“Marahaba. Kwetu hatuna ugonjwa.”

Kwa alivyojua Tekla, hakudanganya. Mama yake alivimba mguu ana kichanga, akafa. Dada yake Ursula vilevile. Lakini hao walikanyaga. Kwetu mguu mmoja ukivimba, umekanyaga dawa uliyotegewa njiani, na hayo si ya kumpelekea nesi. Husemwa nyumbani, wakwe wasisikie.

Wakati wa mavuno mguu wa Edna ukavimba, ukawaka moto. Mumewe, Agapiti, akasema, “Mama, huyu amekanyaga. Twende Masagati kwa mganga.”

Tekla akaanza kufungasha. Ndipo Edna akashika kifua, pumzi zikamwishia. Wakamkimbiza hospitali kwa baiskeli.

“Kuna mwingine kwenu aliyevimba mguu hivi?” daktari akauliza.

Mama mkwe wa Edna, Kandida, alikuwa pale pale, na mdomo wake tunaujua. Tekla akainamisha kichwa.

“Mama yangu. Na dada yangu.”

“Kumbe tulioa ukoo wa miguu,” Kandida akasema.

Daktari akaeleza kuwa ziko koo damu yao huganda upesi, mtu huzaliwa nayo, na vidonge vile huzidisha. Akavikataza, akaanza kumchoma Edna sindano.

Edna alipona, ingawa akitembea mbali mguu hujaa. Hajamlaumu mama yake hata siku moja. Hilo ndilo linalomla Tekla. Angetukanwa angalau angejibu.

Mwaka huu watu wa mtaa wa Viwanja Sitini walikuja kumposa Ritha, mdogo wake Edna wa mwisho. Tulimwambia Tekla anyamaze mpaka mahari ipokelewe. Akasimama mbele ya washenga.

“Kabla hamjala, jueni kwetu damu inaganda. Ritha asipewe vidonge vya majira, na akijifungua mtazameni miguu.”

Washenga walinawa bila kula, wakaondoka. Hawajarudi. Mimi nilimsema sana, na Ritha hamsemeshi mama yake. Tekla anasema heri huyu anune akiwa hai.