Siku Niliyokwenda Kuposa Mwamgongo kwa Boti ya Bure

Jamani, kabla hamjayasikia haya kwa watu wa Kibirizi, ambao wakisimulia wanaongeza chumvi mpaka mboga hailiki, bora mnisikie mwenyewe: ndiyo, ni mimi, baba mzima wa Ujiji, mwenye mvi za kuhesabika (hazihesabiki tena, lakini niacheni), niliyeteremka pwani ya Mwamgongo kwenda kumposea mwanangu mke nikiwa nimejifunga kanga. Kama aibu ingekuwa inaua, mngekuwa mmeshakula pilau la arobaini yangu.

Ili mnielewe, lazima mjue nilikuwa nimetoka wapi. Nilikuwa na boti mbili za dagaa. Nikakopa niongeze mashine na nyavu, dagaa wakapungua, halafu ziwa likafungwa ili samaki wapumzike, na riba yenyewe haikupumzika hata siku moja. Tukasukumana nayo hivyo hivyo, wadai wakigonga mlango najificha chumbani na mtoto anatumwa kusema sipo, mpaka mimi na mke wangu, Mama Ramadhani, tukakaa chini tukaamua: tunauza. Tukauza boti, tukauza mashine, tukauza hata friji, na siku niliyolipa shilingi ya mwisho nilirudi kwa miguu kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji, si kwamba nilikosa nauli, nilitaka tu nipite mbele za watu bila kujificha. (Kuna duka moja nilizoea kulikwepa kwa kuzungukia uchochoroni. Siku ile nilisimama palepale mbele nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji.)

Basi kutodaiwa ni jambo moja, na kula ni jambo lingine. Sasa hivi natengeneza mashine za boti za wenzangu pale ufukweni, na ninachopata kwa mwezi zamani nilikuwa nakipata kwa wiki moja, tena wiki mbovu. Lakini tunaishi. Kila Ijumaa jioni Mama Ramadhani anatandika mkeka, anaweka pesa katikati, anaanza kugawa: hii ya unga wa muhogo, hii ya dagaa na mawese, hii ya umeme, hii ya ada ya mtoto wetu wa mwisho, na ile ya mwisho anaiita "ya kutukinga na kukopa", na hiyo haiguswi hata nyumba ikiwaka moto. Mimi nikanogewa. Mtu aliyekuwa anatapanya akigeuka kuwa mbanaji, anabana kuliko waliozaliwa wabanaji! Nikawa nazima taa watu wakiwa bado wanakula. Nikawa naulizia bei ya nyanya ambazo sina nia ya kuzinunua.

Sasa mwanangu Ramadhani, ambaye anaendesha pikipiki ya mtu, akampata binti wa Mwamgongo, anaitwa Asha, na ikabidi twende kuposa. Baba zake wadogo wako mbali, kwa hiyo tukapangwa mimi na dada yangu mkubwa, Bi Mwajuma. Mama Ramadhani akatoa pesa ya nauli ya boti ya abiria, kwenda na kurudi, kwa watu wawili, akaninyooshea kanzu yangu nyeupe mwenyewe, akaniambia, "Baba Rama, nenda kama mtu."

Nami nikaona nafasi ya kuokoa nauli.

Rafiki yangu Mabruki ana boti ya mizigo, na asubuhi ile alikuwa anapeleka simenti, kreti za soda na magunia ya unga hukohuko kaskazini. Nikamwambia dada atangulie na boti ya abiria, abebe zawadi, kitenge cha mama wa binti na sukari, mimi nina mashine ya mtu ya kumalizia kidogo. (Hakukuwa na mashine.) Mawazo yangu yalikuwa safi kabisa: nauli ile nitairudisha kwenye fungu la kutukinga na kukopa, Mama Ramadhani atashangaa, atanisifu. Na kwa kuwa nilishakuwa na wazimu wa kubana, chini ya kanzu sikuvaa suruali yangu nzuri, nikavaa bukta kuukuu yenye tundu nyuma, nikajisemea, kanzu inafika vifundoni, nani ataiona?

Mabruki akanipokea pwani ya Kibirizi kwa salamu yake ya Kiha, "Mwakeye, bwana harusi!" nikapanda, nikakaa juu ya magunia kama mfalme. Abiria mwingine alikuwa mama mmoja muuza vitunguu, mcheshi, na mizigo yake. Tumefika mbele ya Gombe, milima imetutazama, mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Mabruki akaivuta kamba mpaka jasho likamtoka, kisha akageuka akanitazama. Mama wa vitunguu naye akanitazama. Nikaitazama kanzu yangu.

"Fundi," Mabruki akasema, "utaacha tulale huku?"

Ndugu zangu, ningefanya nini? Nikavua kanzu, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya kreti za soda, na ili isipeperuke nikaikandamiza kwa kiatu kimoja. Kimoja! Nikainama kwenye mashine, tundu la bukta likiangalia mbinguni, mama wa vitunguu akasema, "Astaghfirullah," akageuza uso kuelekea Kongo. Maji yalikuwa yameingia kwenye petroli, nikamwaga, nikafuta plagi, nikapuliza mpira wa mafuta mpaka mdomo ukawa na ladha ya petroli hadi leo, na mashine ilipowaka nikanyanyua mikono juu kwa furaha, na boti ikaruka mbele, na kiatu kikaanguka, na upepo wa kusini ukaichukua kanzu.

Iliruka vizuri, siwezi kuisingizia. Ilifungua mikono kabisa kama mtu anayetuaga. Ikatua majini, tukageuza boti kuifuata, na Mabruki akafika nayo karibu mno: ikaingia kwenye panga la mashine. Tulichokitoa pale hakikutosha hata kufutia meza.

"Turudi Kibirizi," nikasema.

"Petroli ya kurudi nikuuzie kwa bei gani?" Mabruki akaniuliza, kwa upole tu, lakini nikaelewa.

Mama wa vitunguu akafungua furushi lake, akanirushia kanga. "Jisitiri, baba. Utanirudishia hapohapo pwani." Akacheka peke yake kwa namna ambayo ilitakiwa initie wasiwasi, lakini mwenye tundu hachagui kiraka. Nikajifunga kiunoni, juu fulana yenye alama za grisi, mguuni kiatu kimoja (cha pili kilifuata kanzu).

Hesabu yangu ilikuwa nishuke kimyakimya, nitafute duka, ninunue hata shuka. Kumbe dada yangu Bi Mwajuma, Mungu ampe maisha marefu na maneno machache, alifika mapema akawaambia wenyeji, "Mdogo wangu anakuja na boti. Ana boti zake ziwani, yule." Kwa hiyo boti ya Mabruki ilipokaribia, nikaona pwani watu wamejipanga: Mzee Issa, baba wa binti, na kofia yake nyeupe ya kuumiza macho, wazee wawili pembeni, kina mama waliokuwa wakianika dagaa wameacha kazi, na dada yangu katikati, ananyoosha kidole: "Yule pale!"

Kisha kidole kikashuka taratibu.

Niliruka majini, nikapanda ufukweni, nikamwinamia Mzee Issa. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba," akajibu, macho kiunoni kwangu. Nikageuka kuwasalimu wazee wale wengine, na hapo nikasikia nyuma yangu mama mmoja anasoma kwa sauti, polepole, maandishi ya kwenye kanga, kama mtoto wa darasa la pili:

"HUYU MUME NI WANGU... NYIE MNAUMWA NINI?"

Pwani nzima ikapasuka. Kuna mtu alikaa chini kwenye dagaa. Mabruki alikuwa ameshikilia boti yake, analia machozi, na mama wa vitunguu akapaza sauti kutoka kwenye boti, "Ni kanga tu, jamani, mwenyewe simjui!" jambo ambalo halikusaidia hata kidogo.

Mzee Issa hakucheka. Alivua koti lake, akanifunika mabega, akasema, "Karibu nyumbani, ndugu yangu. Safari ni safari." Nilimpenda pale pale.

Ndani wakanipa msuli, kanga ikarudi kwa mwenyewe, tukala samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo, nikaanza kurudiwa na damu usoni. Ndipo yakaja mazungumzo yenyewe. Mjomba wa binti akakohoa, akataja mahari. Jamani! Ilikuwa mahari ya mwenye boti. Nikamtazama dada yangu, akawa anachunguza mwiba wa samaki.

Nawaambieni ukweli, shetani alinikalia hapo. Kusema "sawa" ni rahisi, mtu anasema sawa, anaondoka na heshima yake, halafu anakwenda mjini kugonga milango ileile ya wakopeshaji. Mimi naijua ile milango. Na nilikuwa nimeshadhalilika vya kutosha siku ile, nilitamani hata kitu kimoja tu kinipe ukubwa. Nikafungua mdomo, na yaliyotoka ni haya:

"Mzee, sina boti. Nilikuwa nazo mbili, nimeziuza, nikalipa madeni yangu yote. Sidaiwi na mtu yeyote, wa Kigoma wala wa Ujiji. Sasa natengeneza mashine za watu, kipato chenyewe kidogo, tunakipangia kila Ijumaa. Leo nimepanda boti ya mizigo ili niokoe nauli, na mmeona wenyewe nilivyoiokoa."

Dada yangu akafunika uso kwa mtandio.

Mjomba akasema, "Si neno. Utatoa nusu, nusu nyingine tutakuandikia, utalipa taratibu."

"Hapana," nikasema. "Mnisamehe, wazee wangu. Nitajeni kitu ninachoweza kukitimiza chote, hata kama itabidi vijana wasubiri. Kwangu binti yenu hataingia na deni."

Kimya. Kuku tu waliendelea na shughuli zao. Aliyevunja kimya ni mama wa binti, Bi Zubeda, kutoka mlangoni. "Yewe," akamwita mumewe kwa Kiha, "mahari si ya kwako wala ya mjomba. Muulizeni mwenyewe."

Wakamwuliza. Asha akajibu kutoka chumbani, sauti ndogo lakini haitetemeki: "Nataka cherehani. Nzima, si ya kukodi."

Mjomba alinung'unika mpaka chai ikapoa, akadai na mbuzi juu yake, Mzee Issa akamkatalia, yakaisha. Tukasoma Fatiha. Wakati wa kuondoka Mzee Issa alinisindikiza mpaka kwenye boti ya abiria, akanishika mkono muda mrefu, akasema, "Nimeozesha wawili kabla ya huyu. Wote niliambiwa kuna mali. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hakuna."

Nyumbani nilimwambia mke wangu kila kitu, na nikatarajia kelele, maana kanzu ile na viatu vile vingelipa nauli ya kwenda Mwamgongo mpaka wajukuu wazaliwe. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ulipokataa kuandikiwa deni, walifanyaje?"

"Walinyamaza."

"Walinyamaza vipi?"

Nikafikiri. "Kama watu wanavyonyamaza mtu mkubwa akiingia."

Akainuka, akaenda kuchochea moto, lakini nilimwona mgongo ulivyonyooka.

Cherehani tumeinunua, tumechukua muda, tumekula dagaa mpaka tukawa tunawajua kwa majina, lakini tumeinunua taslimu, mpya, na nilimpelekea Asha mwenyewe, nimekata tiketi, nimekaa kwenye kiti cha abiria kama raia. Mkwe wangu huyo sasa anashona hapa hapa Ujiji. Na mimi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: pesa ambayo Mama Ramadhani ameshaipangia kazi, nitaiacha iende ikafanye kazi yake. Nanyi mkitaka kunicheka, nichekeni tu. Nichekeni kwa sauti, mchana kweupe, mlangoni kwangu. Siku hizi mtu akigonga pale, nafungua mwenyewe.