Mpwa Wangu Alipangusa Mate Yangu, na Ijumaa Anapanda Ndege

Admin, jina langu lifukie kabisa, maana hapa Koboko hata mbuzi wananijua. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, nina wake wawili, na shule niliacha darasa la tano kwa sababu mwalimu aliona ninamzidi. Niliendesha lori mpaka Juba bila breki, nikisimamisha kwa mguu. Mtu wa hivyo hatishwi na kitu. Lakini wiki iliyopita mtoto niliyembeba mgongoni alinionea kinyaa, na mpaka leo chakula hakishuki.

Mtoto wa dada yangu, nimwite Ratibu, anaishi Kampala. Ijumaa hii anapanda ndege kwenda kufanya kazi Uarabuni, miaka miwili. Kwetu mtoto haendi mbali hivyo bila mjomba wake kumtemea mate kidogo kwenye viganja, ajipake kifuani. Hiyo ndiyo baraka, na baba yake mwenyewe hawezi kuitoa. Basi nikashuka Arua, nikapanda basi la Kampala. Ratibu akanipokea na gari ya kukodi, nyeupe kama yai. "Mjomba, leo nakuzungusha Kampala yote."

Nilifurahi. Kumbe amenitandikia nailoni kwenye kiti. Nailoni!

"Hii ya nini?"

"Mjomba, gari iko ya watu. Wakikuta doa watapiga kelele."

"Kwani mimi iko doa?"

Akacheka. Ndani gari inanuka marashi mpaka nikafungua dirisha, na kila nikishika mlango, yeye anapangusa nyuma yangu. Tukaenda msikiti mkubwa wa Old Kampala, nikapanda mnara wote bila kupumzika, wageni wakanipiga picha. Tukaenda Kasubi kwenye makaburi ya wafalme. Njia nzima mimi nasimulia vijana wa jeshi niliowabariki, risasi zikawapita kama nzi. Yeye anatazama viatu vyangu tu, kama nimekanyaga mavi.

Alasiri tukafika Ggaba, ziwani. Tukala samaki, nikapumzika kidogo, halafu nikasema, "Leta mikono." Akaleta. Nikatema. Admin, yule mtoto alikimbilia gari, akachomoa vile vitambaa vya majimaji, akapangusa, akajimwagia dawa ya mikono mara mbili, mbele ya wauza samaki! Mama mmoja akauliza, "Kijana, huyo mzee amekufanyia nini?"

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Sawa. Umeifuta, imefutika. Nenda mkavu hivyo hivyo." Nikarudi na basi, simu nimezima.

Sasa dada yangu, yuko Pajulu karibu na Arua, ananipigia kila asubuhi akilia. "Ndugu yangu, mimi iko na huyu mmoja tu. Mutu anaenda kwa jangwa bila mate ya mjomba, atarudi?" Ratibu naye akapiga, eti nimtemee kwa video. Nikamuuliza, "Mate inapita kwa bando?" Halafu akasema polepole, "Mjomba, naogopa kupanda hiyo ndege." Nikakata simu.

Niseme sasa, kwa kuwa mmenificha. Marehemu baba alinifundisha: kabla ya kubariki, suuza kinywa na maji safi mara tatu mbele ya unayembariki, ulimi uwe kama wa mtoto mchanga. Siku ile, baada ya samaki, shavu langu lilikuwa limejaa tumbaku. Kilichoanguka kwenye viganja vya mtoto kilikuwa cheusi kama oili chafu, na kipande cha jani ndani. Mimi ndiye niliyekiona kwanza. Nilitaka kusema ngoja nisuuze, lakini nitasemaje, na tangu asubuhi nilikuwa najisifu kwamba mate yangu hayajawahi kukosea? Kile kinyaa alichonionea, sasa najionea mwenyewe. Kila nikimeza mate nakumbuka.

Dada hajui. Wazee hapa Koboko wameshasikia kwa mdomo wangu kwamba Ratibu amedharau ukoo wa mama yake, na wamekubali, wanamtikisia kichwa. Kumbe baraka ilikuwa mbovu kabla hajaipangusa.

Leo ni Jumanne. Nikienda Kampala, itabidi niombe maji ya kusuuza mbele yake, naye atajua. Nisipoenda, anaruka mkavu. Enyi wajomba wenzangu, na ninyi wapwa, nisaidieni: mtu wa miaka yangu anaanzaje kuomba yale maji?